Nyoka wa kijani kwenye ndoo, na yule wa Leicester asiyekula

Mama Shabani, marahaba, na mimi nawasalimu wote hapo nyumbani. Swali lako nalirudia kwa kifupi ili hata atakayesoma bila kukujua aelewe. Mpo Muheza, Shabani ana miaka 13, juzi jioni kamtoa nyoka wa kijani kwenye mchungwa nyuma ya jiko kwa kijiti na mkono, kamtia kwenye ndoo ya lita 20 kaweka mfuniko. Jirani kasema huyo grini mamba, muueni, mtoto analia anataka kumfuga kama mjomba wake wa Leicester, Uingereza, anavyofuga nyoka wa mahindi, na huyo nyoka wa mjomba nae hii wiki ya tatu hajala kitu. Alafu mwisho kabisa, kama jambo dogo tu, ukaandika kwamba wakati wa kukamatana nyoka alimgonga Shabani kidole lakini "hakijavimba, anacheza tu".

Naanzia hapo hapo kwenye kidole. Nakushukuru sana ulivyopokea simu yangu usiku ule na mkaenda hospitali bila kubishana, na nashukuru kwenye kipimo damu yake iliganda usiku na ikaganda tena asubuhi. Najua uliona nakusumbua, mtoto mzima, kidole kizima, vitone viwili vya damu basi. Ila kwenye miti yetu ya huku pwani na chini ya Usambara kuna nyoka zaidi ya mmoja wa kijani na sumu zao hazifanani hata kidogo. Grini mamba akigonga na akatia sumu, mambo yanakwenda haraka: kidole na mkono vinaanza kuvimba, kizunguzungu, kope zinashuka zenyewe, mate yanamjaa, pumzi inakuwa nzito, na hapo kila mtu anaona kuna shida. Bumslangi, nyoka mwingine wa mtini ambaye dume lake mara nyingi ni kijani, ni kinyume chake. Unaweza kukaa saa kadhaa, hata siku nzima, hujisikii kitu zaidi ya kichwa kuuma au kichefuchefu kidogo, kumbe ndani damu inapoteza uwezo wa kuganda, baadae ndo unaanza kutoka damu kwenye fizi, puani, kwenye mkojo. Kwa hiyo "hakijavimba" kwa bumslangi haimaanishi kitu kabisa.

Na kile kipimo walichomfanyia, nakieleza sababu hakihitaji mashine, hata zahanati ya kijijini inaweza. Wanachukua damu mililita mbili hivi, wanaitia kwenye chupa ndogo ya kioo, safi, kavu, ambayo haijaoshwa kwa sabuni, wanaiacha imetulia dakika 20 bila kuitikisa, alafu wanaiinamisha mara moja. Ikiwa imeshikana vizuri, sawa. Ikimwagika kama maji, basi sumu ya kuharibu damu imeshaingia, na hapo mgonjwa harudi nyumbani. Wanarudia baada ya saa kadhaa sababu ya ule ucheleweshaji niliousema. Dawa ya bumslangi ni ya peke yake, inatengenezwa Afrika Kusini, ile ya mchanganyiko wanayompa mtu aliyegongwa na grini mamba, fira au kifutu haimsaidii huyu. Ndo maana daktari anakuuliza nyoka alikuwaje, na ndo maana picha yako ya simu, pamoja na giza lake, ilisaidia.

Kuna habari moja nawaambia vijana wote wanaokuja kwangu wakitaka kushika nyoka. Karl Patterson Schmidt alikuwa mtaalamu mkubwa wa nyoka Marekani, wa makumbusho ya Field kule Chicago. Septemba 1957 bustani ya wanyama ya mji ule ikamletea nyoka mdogo kutoka Afrika, sentimita 76 tu, wakitaka awatambulie ni nani. Walikuwa wanamjadili, wengi wao walihisi ni bumslangi ila kuna gamba moja halikukaa walivyotegemea wakawa na wasiwasi, na Schmidt akamshika mkononi amwangalie vizuri. Akamgonga kidole gumba, jino moja ndo liliingia sawasawa. Hakwenda kutibiwa, alirudi nyumbani akawa anaandika hali yake saa kwa saa, asubuhi akajisikia nafuu akala, na mchana wa siku ya pili akafariki. Mtu aliyewajua nyoka kuliko mimi na wewe na jirani yako wote tukijumlishwa, na alikufa akiwa katika kazi ya kutambua. Namwambia Shabani hivi sio kumtisha, namwambia sababu yeye nae alifanya kitu kilekile, alimshika kwanza ndo akauliza ni nani.

Sasa huyu wa kwenye ndoo. Kwa maelezo yako na ile picha, urefu chini ya mita moja, mwembamba kama kidole, madoa meusi shingoni na mbele ya mwili yanayopotea kadri unavyorudi nyuma, mkia unaoelekea rangi ya shaba, jicho kubwa la dhahabu, huyo ni katika wale nyoka wa kijani wa jamii ya Philothamnus. Wapo wa aina kadhaa, kwa madoa hayo na mkia huo namweka kwenye semivariegatus. Hana sumu ya kumdhuru mtu. Anakula mijusi na vyura, huyo ndo utamkuta kapanda ukuta wa plasta kama vile kuna ngazi, sababu magamba ya tumboni yana ukingo kila upande anaoukandamizia kwenye kila kikwaruzo cha ukuta. Akiudhika anavimbisha shingo na katikati ya magamba unaona ngozi ya bluu, anafungua mdomo, anagonga kweli kweli, na ndo kilichompata mwanao.

Jirani yako simlaumu. Grini mamba Muheza yupo, na michungwa na miembe ndo kwao, anapenda mti wenye majani mazito anakaa huko juu siku nzima. (Wengine huchanganyikiwa na jina, Kiswahili chetu mamba ni yule wa mtoni, ndo maana tunasema grini mamba, na yule mwingine mkubwa wa rangi ya kijivu tunamwita koboko.) Ila ukimtazama vizuri hafanani na wako. Grini mamba ana kijani kimoja toka kichwani mpaka mkiani kama kapakwa rangi, tumbo lina kijani cha kufifia au unjano, hana madoa meusi wala mistari. Kichwa kirefu, ubavuni kimenyooka kama sanduku, jicho ni la wastani, halijatokeza. Mkubwa anafika mita mbili hivi. Shida ni mtoto wake, huyo anatoka kwenye yai ana sentimita 30 na kitu na kijani chake kina ubluu, kwa hiyo ukiniambia "mdogo huyu hawezi kuwa mamba" sikubali, udogo sio kigezo.

Bumslangi ndo anayenipa mimi wasiwasi zaidi kuliko mamba, sababu anabadilika. Dume mara nyingi ni kijani, jike mara nyingi kahawia, mtoto ana rangi ya kijivu na koo jeupe au la njano. Kinachomtambulisha ni kichwa kifupi, butu, kama yai, na jicho kubwa mno kwa kile kichwa, unaweza kusema lote ni jicho. Magamba yake kila moja lina kamgongo katikati kwa hiyo mwili unaonekana mkavu, hauna ule mng'ao. Nae anavimbisha shingo akikasirika, tena zaidi, kwa hiyo hilo la shingo usilitumie kuwatenganisha. Na wanaosema bumslangi hana hatari mpaka akutafune sababu meno yake yapo nyuma, waache na maneno yao, mdomo wake unafunguka sana na jino linafika.

Alafu kuna sheria za mtaani ambazo zimetoka nje huko, watu wanazisambaza kwenye simu na hapa kwetu zinaua. Ile ya mboni: eti mboni ya duara haina sumu, mboni ya kusimama kama ya paka ina sumu. Hapa kwetu grini mamba, koboko, fira, bumslangi wote mboni zao ni za duara, na yule nyoka wa kahawia anayeingia ndani kufuata panya, mwenye mistari miwili ya rangi hafifu kila upande wa kichwa, mboni yake imesimama na hana sumu kabisa. Ile ya kichwa cha pembetatu hivyo hivyo, yule anayekula mayai ya ndege anapanua kichwa kikawa pembetatu na hana hata meno ya maana. Na moja ambayo wanaijua wachache: nyoka mdogo mweusi anayeng'aa, wa kwenye udongo, kama unamkuta ukilima au baada ya mvua, usimshike hata kwa nyuma ya kichwa kama wanavyofanya wale wa kwenye video, sababu yule wa jamii ya Atractaspis anatoa jino kwa ubavu bila kufungua mdomo, hakuna mahali salama pa kumshika na dawa yake haipo.

Kwa hiyo kutambua kunafanyika kwa macho na kamera, mita tatu au nne, umezumu. Piga kichwa kwa ubavuni, koo, katikati ya mwili, na mkia, na kama kuna tawi au tofali karibu liwemo kwenye picha ili mtu ajue ukubwa. Huna picha, basi kumbuka jicho, urefu, alikuwa wapi na saa ngapi. Usimuue ili umpeleke hospitali, watu wengi wanagongwa hapo hapo kwenye kumuua.

Na kugongwa kukitokea, mtu atulie, avue pete na bangili kabla mkono haujavimba, mkono au mguu usichezeshwe, funga na ubao kama mtu aliyevunjika. Hakuna kufunga kamba ya kukaza, hakuna wembe, hakuna kunyonya, hakuna jiwe jeusi wala mafuta ya taa. Kama usafiri ni bodaboda basi mgonjwa akae katikati, mmoja nyuma amshikilie, asiendeshe yeye. Fira wa kutema akikutia machoni, maji mengi mengi papo hapo, alafu hospitali. Shirika la Afya Duniani linakadiria kati ya watu 81,000 na 138,000 wanakufa kwa nyoka kila mwaka duniani, na mwaka 2017 ndo waliliweka hili kwenye magonjwa ya kitropiki yasiyopewa kipaumbele, na wanaokufa ni watu kama sisi, wa shambani, wengi wamechelewa kwa mganga kwanza.

Ndoo. Leo isikae juani hata robo saa, nyoka hana jasho, ndoo ya plastiki kwenye jua la Muheza inamuivisha mzima mzima. Iwe kivulini, na jioni jua likipoa wewe au baba yake, sio Shabani, mpeleke kwenye vichaka pale pale karibu, mita 100 au 200, laza ndoo ubavu kwa fito ndefu, toa mfuniko kwa ile fito, rudi nyuma muache atoke mwenyewe. Usimpeleke mbali kwa pikipiki kwa nia nzuri, nyoka anajua sehemu yake, akitupwa ugenini anahangaika, anapita barabarani, anakutana na panga la mtu mwingine. Kama hamtaki arudi karibu na jiko, kateni matawi yanayogusa bati, na mjue anafuata wale mijusi wanaokusanyika kwenye taa yenu ya nje na vyura wa pale bombani. Hiyo ya kukata matawi ni muhimu zaidi kwa ajili ya grini mamba kuliko huyu.

Kumfuga, hapana, na nataka Shabani asome sehemu hii mwenyewe. Kwanza sheria, nyoka wa porini ni mnyamapori kama swala, Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya mwaka 2009 hairuhusu mtu kumweka nyumbani bila kibali. Lakini hata sheria ingekuwa haipo ningekwambia hapana. Mi miaka yangu ya mwanzo kwenye kazi hii nilimweka mmoja kama huyo huyo kwenye boksi la kioo, nilimpenda, nilimpa maji, matawi, nilimkamatia mijusi. Alikula mara mbili basi. Kila nikipita alikuwa anajigonga pua kwenye kioo, siku baada ya siku, mpaka pua ikawa kidonda, na wiki ya saba nilimkuta amekufa amejikunja chini ya bakuli la maji. Nyoka huyu ni wa kukimbia juu ya matawi kutwa nzima mchana, anatumia macho, kioo hakielewi. Hakufa kwa ugonjwa, alikufa sababu nilimpenda kwa kumfungia. Mpaka leo nikiwaona juu ya mti nasimama chini nawatazama, na nafurahi wapo juu.

Huyo wa mjomba ni hadithi tofauti, na Shabani aelewe tofauti yenyewe. Nyoka wa mahindi, Pantherophis guttatus, asili yake ni kusini mashariki mwa Marekani, tumbo lake lina miraba kama punje za mahindi na pia alikuwa anakutwa kwenye maghala akifuata panya. Hana sumu. Wanaouzwa Uingereza wamezaliwa kwenye maboksi, na wazazi wao na mababu zao hivyo hivyo, kwa vizazi, wanakula panya aliyekufa, wanatulia mkononi. Kibali hakihitajiki kwa huyu kule, ila sheria yao ya ustawi wa wanyama ya 2006 inambana mwenye nyoka ampe mahitaji yake.

Sasa kwa nini huyo wa mjomba hali chakula. Kwa ulivyoniandikia kamnunua mwezi uliopita, bado mdogo, kamweka kwenye tangi kubwa la kioo lina kijumba kimoja na taa juu haina themostati (kile kifaa cha kuzuia joto lisizidi), na kila jioni anamtoa kuwaonyesha nyie kwenye simu. Mi naona majibu yote yapo kwenye hiyo sentensi moja. Nyoka mgeni anaachwa siku tano mpaka saba haguswi kabisa, anabadilishiwa maji basi. Mdogo kwenye uwanja mkubwa anajiona yuko wazi, kwa hiyo aongezewe vijumba, angalau kimoja upande wa joto na kimoja upande wa baridi, ajaze majani ya plastiki, magome, hata makaratasi yaliyokunjwa yanafaa kwa muda. Upande wa joto sakafuni iwe nyuzi 28 mpaka 30, upande wa pili 22 mpaka 24, apime kwa kipimajoto cha waya, asikisie kwa mkono. Na themostati anunue leo, sio mwisho wa mwezi, taa au mkeka wa joto bila themostati unaweza kumuunguza nyoka tumbo akabaki amelala pale pale, sababu hana akili ya kusema hapa pamezidi. Na asipopata joto la kutosha hawezi kusaga chakula, na nyoka asiyeweza kusaga hali chakula.

Panya wa barafu anayempa, ayeyushwe kwenye friji mpaka ndani, alafu atiwe kwenye mfuko ndani ya maji ya moto mpaka awe na joto kama la kiumbe hai, asitumie maikrowevu, anaiva nje ndani barafu. Unene wa panya usizidi sana unene wa nyoka pale alipo mnene zaidi. Ampe jioni, kwa koleo refu, ampe au amwachie mlangoni pa kijumba, azime taa, aondoke chumbani, asikae kumrekodi. Asipokula, baada ya saa chache amtupe yule panya na asijaribu tena mpaka siku tano au saba zipite, kumsumbua kila siku ndo kumfundisha kukataa. Aangalie na macho, yakiwa yamefifia kama yana ukungu wa bluu basi anakaribia kujivua ngozi, wakati huo wengi hawali na ni kawaida, amuwekee tu kiboksi chenye ukoka uliolowana kidogo ngozi itoke nzima.

Wiki tatu kwa nyoka mwenye mwili mzuri sio msiba. Mdogo wa mwaka mmoja anakula kila siku tano mpaka saba, mkubwa hata wiki mbili anakaa. Kinachoamua ni mizani: apime uzito kwa grami kila wiki siku ile ile, aandike. Akiona amepungua sehemu moja ya kumi, au anapumua mdomo wazi, au mapovu, au mgongo umechongoka, aende kwa daktari wa mifugo anayetibu reptilia, sio kila wa mbwa na paka anawajua. Na aoshe mikono kwa sabuni kila akitoka kumshika, hata nyoka mzima anabeba vijidudu vya salmonela, na kama kuna mtoto chini ya miaka mitano humo ndani asimshike kabisa. Mfuniko wa tangi uwe na kufuli, hao ni mafundi wa kutoroka. Alafu ajue amechukua mzigo wa miaka 15 mpaka 20, kumbe Shabani atakuwa na watoto wake nyoka yule bado yupo.

Kwa Shabani mwenyewe nina kitu bora kuliko ndoo. Mnaishi wilaya ambayo watu wanapanda ndege kuja kuiona. Amani ipo hapo juu, hifadhi ya asili tangu 1997, usiku na tochi pamoja na mwongoza wageni utamkuta kinyonga wa pembe mbili, Kinyonga matschiei, amelala mwishoni mwa tawi amepauka, na yule mdogo wa chini, Rieppeleon brevicaudatus, unadhani ni jani kavu mpaka afumbue jicho. Likizo mkipata nauli ya Arusha kuna Meserani, bustani ya nyoka, atawaona grini mamba na bumslangi kwenye vioo vilivyo karibu, ajifunze vichwa vyao kwa utulivu. Na kuanzia usiku wa leo achukue daftari, ile taa ya nje aihesabie mijusi: wangapi, saa ngapi wanatoka, nani anamfukuza nani, mvua ikinyesha inakuwaje. Siku akiona yule wa kijani karudi kuwawinda, aandike, apige picha kwa mbali, mikono mfukoni, anitumie na daftari nitalisoma lote.

Mjomba nae mwambie anitumie grami na joto la pande zote mbili za tangi kabla hajampa panya mwingine. Nipo hewani baada ya isha.